p16 ikishika rangi, inasema nini hasa?

Mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi mara nyingi husimuliwa kama saratani changa inayongoja kukua. Sivyo. Mengi hurudi nyuma yenyewe, kinga ya mwili ikishawashinda virusi vya HPV vinavyoyasababisha. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi za wanawake wenye CIN 2 (daraja la kati la mabadiliko haya, ambayo hupangwa kuanzia CIN 1 hadi CIN 3) waliofuatiliwa bila kutibiwa. Baada ya miaka 2, kwa nusu yao mabadiliko yalikuwa yamerudi nyuma, kwa 32% yalikuwa pale pale, na kwa 18% yalikuwa yamesonga hadi CIN 3 au zaidi. Kwa walio chini ya miaka 30, waliorudi nyuma walifika 60%.

Hata CIN 3, ambayo hakuna anayeshauri iachwe, haiishii yote kwenye saratani. Tunalijua hilo kwa njia ya uchungu: katika hospitali moja ya Auckland, New Zealand, wapo wanawake waliocheleweshewa au kunyimwa tiba kwa ajili ya utafiti, jambo ambalo baadaye liliundiwa tume ya uchunguzi. Kumbukumbu zao zilipopitiwa upya, kati ya wale ambao hawakutibiwa ipasavyo takriban 31% walipata saratani ndani ya miaka 30. Kwa waliotibiwa vizuri ilikuwa 0.7%.

Kwa hiyo mgonjwa akishaambiwa ana mabadiliko, swali zito linalobaki ni kama yake yataendelea au yatarudi. Protini zinazopakwa rangi kwenye tishu, p16 ikiwa ya mbele, zimeitwa kujibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Naona zinajibu vizuri sana swali jingine: hali ya seli ilivyokuwa siku ile sampuli ilipochukuliwa. Anayezisoma hivyo atafanya uamuzi mzuri. Anayezisoma kama utabiri atawakata wanawake wengi kipande cha mlango wa kizazi bure, na wengi wao bado wanatarajia kuzaa.

Breki yenye waya uliokatika

Virusi vya HPV huingia kwenye seli za safu ya chini kabisa kupitia mikwaruzo midogo. Kuanzia hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kuzalisha virusi: seli hupanda juu zikikomaa kama kawaida, na kadiri zinavyopanda ndivyo virusi vinavyotengeneza protini ya E4 kwa wingi, kisha L1 ya ganda lake, halafu seli zilizokufa zinabanduka zikiwa zimejaa virusi vipya. Hiyo ndiyo CIN 1 ya kawaida. Inasumbua macho kwenye darubini, ila kwa virusi ni kazi ya kila siku.

Njia ya pili ndiyo ya hatari. Protini mbili za virusi, E6 na E7, zinaanza kutengenezwa bila kipimo katika seli za chini ambazo bado zinagawanyika. Mara nyingi, ingawa si lazima, hutokea baada ya DNA ya virusi kukatika na kujishona kwenye kromosomu ya binadamu. Mkato ukipita kwenye jeni ya E2, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzibana E6 na E7, basi hakuna tena wa kuzizuia.

E7 hunasa protini ya pRb. Katika seli salama pRb huishikilia E2F, na E2F ndiyo inayowasha jeni za kunakili DNA. pRb ikinaswa, E2F inaachiwa na seli inaanza kugawanyika bila kuamriwa. E6 nayo humtumia mwenyeji mwingine wa seli, kimeng'enya E6AP, kuibandika p53 alama ya kupelekwa kuvunjwavunjwa. Seli inayogawanyika ovyo kwa kawaida ingejiua kwa amri ya p53. Sasa amri hiyo haipo.

p16 inaingia wapi? Hii ni protini ya seli yenyewe, si ya virusi, na kazi yake ni breki. Huzuia vimeng'enya CDK4 na CDK6 visiizime pRb. Kwa kawaida pRb ikiwa kazini, p16 hubaki kidogo sana. pRb ikiondolewa na E7, seli inatengeneza p16 kwa wingi, lakini breki hiyo haina tena cha kushika, maana ilitegemea pRb. Ni kama baiskeli ambayo mtu anaminya breki mpaka mwisho ilhali waya umekatika. Tunachokiona chini ya darubini ni huo mkono unaominya kwa nguvu.

Ndiyo maana nasema p16 ni kivuli cha E7. Mahali pasipo na E7, mara nyingi kivuli hicho hakipo. Zipo saratani za tezi za mlango wa kizazi zisizotokana na HPV, hasa zile zinazofanana na tezi za tumbo, na nyingi kati ya hizo p16 yake haishiki rangi. Mwanapatholojia, daktari anayesoma tishu kwa darubini, akikuta tezi zenye sura mbaya na p16 tupu, asijitulize kwa hilo.

Kuisoma p16 bila kujidanganya

Mwaka 2012 vyama vya kitaalamu vya Marekani, CAP na ASCCP, vilitoa mwongozo ambao maabara nyingi bado zinaufuata. p16 huhesabiwa kuwa chanya ikiwa tu imeshika kama tofali: rangi kali, mfululizo, kwenye kiini, au kwenye kiini pamoja na nje yake, ikianzia safu ya chini kabisa na kupanda angalau theluthi moja ya unene, bila kuacha mapengo pembeni. Madoadoa, seli moja moja, au rangi iliyo juu tu huku safu ya chini ikiwa tupu, yote ni hasi. Neno "chanya kiasi" halina maana hapa na lisiandikwe kwenye ripoti, kwa sababu daktari wa upande wa pili atalitafsiri anavyotaka.

Kipimo hiki kinafaa sana mahali pawili. Kwanza, pale mwanapatholojia anapofikiria kuandika CIN 2, daraja ambalo wasomaji wawili hawakubaliani kirahisi: p16 ikiwa chanya, inawekwa kundi la juu, ikiwa hasi, haiwekwi. Pili, pale ambapo kitu kisicho na madhara kinafanana na hatari. Mwanamke aliyekoma hedhi ana tabaka jembamba lenye viini vilivyosongamana. Kwa macho matupu linaweza kudhaniwa CIN 3. Ukiliweka kwenye p16 na Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika), zote mbili ziko kimya, na suala limekwisha. Hali ni karibu hiyo hiyo kwa seli zinazobadilika kutoka za tezi kuwa za bapa ambazo hazijakomaa.

Mahali isipofaa ni kwenye CIN 1 iliyo wazi. Theluthi moja au zaidi ya CIN 1 hushika p16 kama tofali kabisa, na nyingi bado zitarudi nyuma. Kuipandisha daraja CIN 1 kwa sababu tu p16 imewaka ni kosa ambalo mwongozo wenyewe unalikataza. Hatari ya kundi hilo ni kubwa kidogo kuliko ya lenye p16 hasi, kiasi cha kuhimiza ufuatiliaji wa makini. Haitoshi kumpeleka mtu kukatwa.

Mtego mwingine ni tezi. Mabadiliko ya tezi yanayofanana na ya mirija ya uzazi hushika p16 kwa mtindo wa mkeka: seli moja nyeusi, jirani yake nyeupe, moja nyeusi tena. Saratani ya tezi iliyo bado ndani hushika zote bila kuruka. Anayetazama kwa lenzi ndogo tu ataona "kahawia nyingi" na kukosea.

Mezani, kabla ya darubini

Makosa mengi ya p16 hayazaliwi kwenye kingamwili, ile inayoinasa p16 ili ishike rangi. Yanazaliwa kwenye kichupa cha formalini. Kinyama kiingie kwenye formalini ya 10% yenye bafa mara tu kinapokatwa, kisikae kwenye chachi kavu kikingoja mgonjwa avae. Ujazo wa formalini uwe angalau mara 10 ya kinyama. Muda: si chini ya saa 6, na si zaidi ya 72. Kikitolewa mapema, pombe ya hatua inayofuata ndiyo inayokihifadhi badala ya formalini, na rangi hutoka hafifu au ya mabaka. Formalini isiyo na bafa hugeuka tindikali na kuacha chembe nyeusi-kahawia ambazo mtu asiye na uzoefu huzihesabu kama rangi ya kipimo.

Vipande vikatwe kwa unene wa maikroni 4, vikaukie kwenye joto la 60 °C kwa takriban saa 1, kwenye slaidi zenye chaji, la sivyo vitabanduka wakati wa kuchemshwa. Kuchemsha ndiko kunakofungua maeneo ambayo formalini imeyafunga: bafa ya pH 9, joto la 95 hadi 99 °C, dakika 20 au zaidi kulingana na kingamwili, kisha kuacha ipoe taratibu kwa dakika 20. Anayeitoa ikiwa ya moto na kuimwagia maji baridi hupoteza tishu. Baada ya hapo slaidi isikauke hata mara moja; ikikauka pembeni, pembeni ndiko kutakakoshika rangi zaidi, na msomaji ataona tofali mahali ambapo hakuna.

Kila mzunguko uwe na vipande viwili vya kulinganisha: kimoja kinachojulikana kuwa na CIN 3, na kingine cha tonsili. Tonsili inapendeza kwa sababu inaonyesha viwango vya kati, yaani seli chache za mashimo yake zishike na nyingi zisishike. CIN 3 peke yake inashika hata kipimo kikiwa kimedhoofika, kwa hiyo haikuonyi mapema. Vipande vilivyokwisha kukatwa visikae miezi kabatini, maana antijeni hufifia.

Na kuna pembe. Kinyama kikizamishwa kwenye nta kikiwa kimelala vibaya, kisu hupita mshazari na safu ya chini huonekana nene kupita kiasi. Ki-67, ambayo kwa kawaida iko kwenye safu mbili tatu za chini, sasa inaonekana imepanda hadi juu. Kabla ya kuamini Ki-67 iliyo juu, tafuta mahali ambapo tishu ya chini na uso wa juu vyote vinaonekana kwa mstari mmoja ulionyooka.

Ki-67 na rangi mbili kwenye seli moja

Ki-67 ilipata jina lake Kiel, Ujerumani, mwaka 1983. 67 ni namba ya kishimo cha sahani ambamo kingamwili ilipatikana. Ipo kwenye kiini cha seli yoyote iliyo katika mzunguko wa kugawanyika, na haipo kwenye seli iliyopumzika. Peke yake ni shahidi dhaifu: jeraha linalopona na uvimbe wa maambukizi huipandisha vilevile.

Uzuri unakuja zikiunganishwa. p16 ni breki, Ki-67 ni alama ya mwendo. Katika seli salama haziwezi kukaa pamoja, kwa kuwa seli yenye p16 nyingi imesimama. Seli moja yenye zote mbili ni seli ambayo breki imeminywa na bado inakimbia. Huo ndio msingi wa kipimo cha rangi mbili kwenye seli zilizokwanguliwa, ambacho mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikiidhinisha mwaka 2020 kwa kuwachuja wanawake waliokutwa na HPV. Kiini chekundu ndani ya seli ya kahawia: moja tu inatosha kuwa chanya, hata kama sura ya seli haitishi.

Moja inatosha, lakini iwe kweli moja. Kwenye mafungu mazito ya seli, kiini chekundu cha seli ya juu hulala juu ya kahawia ya seli ya chini na kuunda picha ya uongo. Cheza na skrubu ya kufokasi: kama nyekundu na kahawia haziwi kali kwa pamoja kwenye kina kimoja, ni seli mbili. Jambo jingine ni kufunika slaidi. Rangi nyekundu ya kipimo hiki huyeyuka kwenye pombe, na fundi aliyezoea kupitisha kila slaidi kwenye pombe na zailini ataifuta Ki-67 yote na kupata matokeo hasi yaliyo safi kabisa kwa macho. Itumike gundi ya maji kwanza.

Mashahidi wengine

MCM2 na TOP2A ni protini za kunakili DNA. Huongezeka kwa sababu ile ile ya E2F kuachiwa, na zimewahi kuunganishwa kwenye kipimo kimoja. Hazijaishinda p16. L1 na E4 huenda kinyume: zipo virusi vinapozaliana, hupotea seli zinapogeuzwa. Kuzitazama E4 na p16 kwenye kipande kimoja kunanivutia kuliko kipimo chochote kingine cha tishu, kwa kuwa kunaonyesha njia zote mbili kwa wakati mmoja: E4 nyingi juu na p16 kidogo chini ni kazi ya kawaida ya virusi, p16 kama tofali bila E4 hata chembe ni kugeuzwa kulikokamilika. CIN 2 nyingi ziko katikati, zikiwa na zote mbili, na hilo linaeleza kwa nini daraja hilo halishikiki.

Ukanda wa kupima E6 yenyewe, kwa HPV 16 na 18, ni wazo zuri kwa kliniki isiyo na maabara. Ukionyesha mstari, mara nyingi kuna jambo. Usipoonyesha, usijitulize: E6 ni kidogo sana ndani ya seli, na aina kama 31, 33, 52 na 58 hazimo kwenye ukanda huo.

Sasa kuna ukweli ambao hautajwi vya kutosha. p16 na Ki-67 haziwezi kutofautisha CIN 3 na saratani iliyokwisha kupenya. Kwenye CIN 3 na kwenye saratani, zote mbili hushika rangi kali. Hatua ya mwisho, ile inayomtenganisha mtu anayepona kwa kukatwa kipande kidogo na mtu anayehitaji tiba nzito, haionekani kwenye vipimo tunavyovitegemea zaidi. Huko kunahitajika mashahidi wa aina nyingine: kolajeni ya 4 inayoonyesha utando wa msingi umekatika wapi, mnyororo wa gama-2 wa laminini unaoonekana kwenye seli za ncha zinazopenya, vimeng'enya MMP-2 na MMP-9 vinavyoyeyusha utando huo, na E-cadherini inayopungua seli zinapoachana mikono. Hata hivyo uvimbe mkali nao huuharibu utando, hivyo pengo kwenye kolajeni ya 4 si hukumu. Kipande kilichopakwa rangi ya keratini, protini ya seli za tabaka la juu, husaidia kuona seli chache zilizozama kati ya seli nyeupe za damu. Kina hupimwa kwa milimita kutoka chini ya tabaka zilikoanzia: hadi milimita 3 ni hatua ya IA1, zaidi ya 3 hadi 5 ni IA2.

Kwenye damu kuna SCC, antijeni iliyoelezwa Japani mwaka 1977, ambayo leo tunajua ni protini mbili pacha, SERPINB3 na SERPINB4. Kikomo kinachotumika sana ni nanogramu 1.5 kwa mililita. Ni ya kumfuatilia mgonjwa wa saratani ya seli bapa baada ya tiba, na haifai kabisa kutafuta mabadiliko ya awali. Pia ni protini iliyojaa kwenye ngozi na mate: fundi akigusa ncha ya kichupa kwa kidole kitupu, au akipiga chafya juu ya sampuli, namba inapanda. Soriasisi, ukurutu na figo zilizoshindwa huipandisha pia. Namba iliyoruka ghafla irudiwe kwa damu mpya kabla mgonjwa hajaambiwa lolote.

Kwa nini orodha mpya hazifiki kliniki

Kila mara hutokea orodha ya protini mpya kutoka kwenye majimaji ya uke au kwenye damu, zilizopimwa kwa maelfu kwa mashine za kisasa. Nyingi hufia kwenye karatasi, na sababu ni zile zile. Watafiti hulinganisha mlango wa kizazi salama na saratani kubwa. Saratani kubwa inavuja damu, ina uvimbe, ina tishu iliyokufa. Protini zitakazotofautiana ni za damu na uvimbe. Kisha wagonjwa wa saratani wana miaka 55 na wenye afya wana 30, na nusu ya tofauti ni ya kukoma hedhi. Halafu hesabu: ukipima protini 2,000 kwa watu 40 na kukubali kosa la 5%, protini 100 zitaonekana muhimu kwa bahati tu.

Na kundi la kupimwa hubadilisha kila kitu. Chukua kipimo kinachowakamata 90 kati ya wagonjwa 100 na kuwaachia huru 90 kati ya wazima 100. Kwa mfano, wanawake 1,000 wa kawaida, 10 wakiwa na CIN 3: kitawakamata 9, na pamoja nao wazima 99. Kila 12 walioitwa, mmoja tu ndiye mwenye shida. Kipimo hicho hicho kwa wanawake 1,000 waliokwisha kukutwa na HPV, 100 wakiwa na CIN 3: kitakamata 90 na wazima 90. Mmoja kwa wawili. Ndiyo maana ningepima HPV na aina yake kwanza, na protini baadaye. HPV 16 iliyodumu ni onyo kubwa kuliko rangi yoyote niliyoitaja.

Utafiti unaoweza kujibu swali la mwanzo unahitaji sampuli zilizogandishwa siku CIN 2 ilipogunduliwa, za wanawake waliofuatiliwa miaka 2 bila kukatwa, kikomo cha kipimo kikiwa kimefungwa kabla ya kufungua matokeo, na kujaribiwa kwa wanawake wengine wa mahali pengine. Hapo pia kuna kikwazo kisichokwepeka: kinyama kinapochukuliwa, sehemu ya mabadiliko huondoka nacho, na jeraha huamsha kinga kwenye sehemu iliyobaki. Seli tulizozitazama kwenye slaidi haziko tena mwilini, na tunachofuatilia ni jirani zake.